Tiketi ya kusimama kwa Iron Maiden: usimame wapi, masikio uyazibe vipi, na utegemee sauti gani

Swali: Mtaalamu, nimepata tiketi ya kusimama ya kuwaona Iron Maiden, bendi niliyoisikiliza kwenye kanda tangu nikiwa shuleni. Sijawahi kuhudhuria onyesho la hevi metali. Nina mambo matatu. Wazee hawa wa miaka 70 hivi bado wanaziweza nyimbo zao, au nitarudi na huzuni? Nisimame wapi ili nisikie vizuri, si kuona tu? Na masikio yangu, ambayo tayari huvuma kidogo nikitoka kwenye sherehe yenye spika kubwa, niyalinde vipi bila kuukosa muziki wenyewe?

Jibu: Nitaanza na la pili, la mahali pa kusimama, kwa sababu ndilo linaloamua sehemu kubwa ya hayo mengine. Shabiki akisimama pabaya ataondoka akisema mwimbaji amezeeka, kumbe sauti ya mwimbaji haikumfikia.

Ukishaingia, kabla ya kutazama jukwaa tafuta mitambo. Katikati ya uwanja, mara nyingi mbali kidogo na jukwaa, utaona banda lililozungushiwa uzio, lina meza ya kuchanganyia sauti na taa. Hapo ndipo anaposimama fundi mitambo, na onyesho zima analipanga kwa masikio yake. Akisikia solo ya gitaa imezama, anaiinua. Akisikia besi inafunika sauti, anaikata. Kila anachorekebisha kinarekebishwa kwa ajili ya mahali pale. Ukisimama mita chache mbele ya banda hilo au kando yake, unasikia karibu kilekile anachosikia yeye. Hakuna nafasi nyingine uwanjani inayokupa hilo, hata ya tiketi ghali zaidi.

Usisimame katikati kabisa, lakini. Spika za besi mara nyingi hupangwa kulia na kushoto mwa jukwaa, na pale mawimbi ya pande mbili yanapofika kwa wakati mmoja, yaani kwenye mstari wa katikati, hujumlishana. Matokeo yake ni ukanda mwembamba wa besi nzito kupita kiasi, na hatua chache pembeni yake besi inapungua. Sogea mita tatu au nne kushoto au kulia kwa mstari huo, sikiliza, kisha amua.

Kwa bendi nyingi hilo ni jambo dogo. Kwa Maiden ni kubwa, na sababu yake ni Steve Harris. Harris, aliyeianzisha bendi London mashariki mwishoni mwa 1975, hupiga gitaa la besi kwa vidole bila piki, yaani kile kibao kidogo cha kukwanyulia nyuzi, na mdundo uliomjengea jina ni ule wa farasi anayekimbia: noti moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi. Chukua wimbo wa mapigo 160 kwa dakika. Noti fupi moja hapo huchukua takriban sekunde 0.094. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo katika muda wa noti hiyo moja imekwenda mita 32. Sasa jiweke mita 16 mbele ya ukuta wa nyuma wa ukumbi. Noti inakupita, inagonga ukuta, inarudi, na inakufikia wakati noti inayofuata inapigwa. Kila noti inaikanyaga mwenzake. Farasi anageuka ngurumo moja isiyokatika, na gitaa tatu zilizo juu yake zinageuka ukungu. Ndiyo maana watu waliokaa nyuma ya ukumbi wa ndani husema sauti ilikuwa mbaya, na wenzao wa katikati wanawashangaa. Ukumbini, kaa mbali na ukuta wa nyuma kadiri unavyoweza, na usisimame chini ya roshani, kwa sababu pale sauti kali za juu hazifiki vizuri na besi inajikusanya.

Uwanja wa wazi una tatizo tofauti. Ukuta hauko, ila kuna upepo. Upepo ukivuma kukatisha uwanja, sauti za juu, yaani matoazi, herufi za mwimbaji na ncha ya gitaa, huja na kutoweka kama redio inayopoteza stesheni. Kadiri unavyokuwa mbali ndivyo unavyoumia zaidi. Viwanja vikubwa huwekwa minara ya spika za ziada nyuma, ambazo sauti yake hucheleweshwa kwa makusudi ili ilingane na ile inayotoka jukwaani. Ukisimama nyuma, simama mbele ya mnara mmojawapo. Usisimame katikati ya mnara na spika za jukwaani mahali ambapo huwezi kusema sauti inatoka upande gani. Na ukiwa mita 70 kutoka jukwaani, utamwona mpiga dramu akigonga kwenye skrini kisha mlio ukakufikia sekunde 0.2 baadaye. Hakuna aliyekosea hapo, ni umbali tu.

Vipi kuhusu mbele kabisa, penye uzio? Kwa macho, hakuna mfano wake. Utaona vidole. Lakini misururu mikubwa ya spika inayoning'inizwa juu ya jukwaa huelekezwa kwa umati wa katikati na wa nyuma. Inapita juu ya kichwa chako. Walio mbele huhudumiwa na spika ndogo zilizopangwa ukingoni mwa jukwaa, zikichanganyika na dramu zinazosikika moja kwa moja. Sauti ya mwimbaji mara nyingi hutoka nyembamba. Ukiwa na onyesho moja tu maishani la kuwaona watu hawa, na umesema unataka kusikia, ushauri wangu ni meza ya mitambo. Ukibahatika kuwa na maonyesho mawili, la pili nenda mbele.

Jambo jingine la mahali: usihame kabla ya wimbo wa tatu. Bendi hujaribu sauti mchana ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakijaa, miili na nguo hunyonya sauti za juu, na mpangilio wa mchana haufai tena. Fundi huhitaji nyimbo mbili hivi kuurudisha sawa, na mwimbaji naye koo lake bado linapata moto. Anayehukumu onyesho kwa wimbo wa kwanza anahukumu matayarisho.

Sasa kuhusu uzee wao. Bruce Dickinson, mwimbaji wao, alizaliwa Agosti 1958. Alijiunga na Maiden 1981, akaondoka 1993, akarudi 1999 pamoja na Adrian Smith, na tangu hapo bendi ina gitaa tatu: Smith, Dave Murray na Janick Gers. Mwishoni mwa 2014 Dickinson aligundulika kuwa na saratani nyuma ya ulimi. Akatibiwa kwa mionzi na kemikali, na Mei 2015 ikatangazwa amepona. Mtu aliyepigwa mionzi karibu na koo kisha akarudi kuimba kwa zaidi ya dakika 90, usiku baada ya usiku, anastahili kusikilizwa kwa makini, lakini pia asidaiwe kuwa kijana wa 1982. Kwa umri, gegedu za zoloto, kisanduku cha sauti kooni, hukakamaa, nyuzi za sauti hupungua mnyumbuko, na mapafu hayasukumi hewa kama zamani. Noti za juu kabisa ndizo huumia kwanza, hasa zile za kushikilia kwa muda mrefu.

Kwa hiyo sikiliza jinsi anavyozishughulikia. Waimbaji wakongwe wana njia zao: kuikaribia noti kutoka chini badala ya kuiparamia, kufupisha mwisho wa mstari, kugeuza kidogo mkondo wa wimbo, au kuuachia umati kiitikio na kuvuta pumzi. Sehemu ya kati ya sauti, ile yenye kifua, kwa wengi huwa nene zaidi kuliko ujanani. Bendi nyingi za rika hili hushusha gitaa zote nusu toni ili kumsaidia mwimbaji, na si aibu kufanya hivyo: Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alishusha nyuzi zake tangu 1971, baada ya kupoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, na sauti nzito iliyopatikana ikawa sehemu ya aina nzima ya muziki.

Dramu ndizo zitakazokuwa tofauti zaidi na kanda zako. Nicko McBrain, mpiga dramu wao wa miaka mingi, alipata kiharusi Januari 2023 kilichomlemaza upande wa kulia; akajifunza upya na kurudi jukwaani mwaka huohuo, hadi alipostaafu ziara baada ya onyesho la São Paulo, Desemba 2024. Nafasi yake ilichukuliwa na Simon Dawson, aliyekuwa akipiga na Harris katika bendi yake nyingine, British Lion. Nicko alijulikana kwa kupiga dramu ya mguu kwa kanyagio moja hata mahali wengine wangetumia mbili. Usitafute mbwembwe zake kwa Dawson. Tafuta kama dramu na besi zinatembea pamoja. Zikitembea pamoja, Maiden ni Maiden.

Kuhusu huzuni uliyoitaja, sitaikana. Glenn Tipton, mpiga gitaa wa bendi ya Judas Priest, alitangaza mwaka 2018 kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, na kwa miaka iliyofuata alikuwa akitokea mwishoni mwa baadhi ya maonyesho kupiga nyimbo chache anazoziweza. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, naye mgonjwa wa Parkinson, aliimba mara ya mwisho akiwa amekaa kwenye kiti uwanjani Villa Park, Birmingham, 5 Julai 2025, na akafariki siku 17 baadaye. Wengi waliokuwapo walilia. Maiden hawajafika huko: bado wanakimbia jukwaani. Jiandae tu kuwasikia walivyo leo. Kwa hilo, wiki mbili kabla, acha kusikiliza albamu za studio na usikilize rekodi zao za jukwaani za miaka ya karibuni. Sikio likishazoea sauti ya sasa, halitakuwa linalinganisha usiku kucha.

Ziara yao iliyoanza Budapest 27 Mei 2025 imejengwa juu ya albamu tisa za kwanza, kuanzia 1980 hadi 1992, kwa hiyo kanda zako za shuleni zitakufaa. Maiden hawabadilishi sana orodha ya nyimbo ndani ya ziara moja. Ile ya maonyesho yaliyotangulia itakuongoza. Wapo wanaokataa kuisoma ili washtukizwe. Mimi nasema soma, angalau ujue nyimbo ndefu ziko wapi. Mwaka 2025 waliupiga Rime of the Ancient Mariner, wa 1984, wenye dakika 13 hivi. Ukifika, watu wengi hukimbilia maliwato na vinywaji. Ni kosa kubwa. Katikati yake muziki unashuka hadi karibu kimya, besi inabaki peke yake na sauti inayosimulia, kisha gitaa zinarudi moja baada ya nyingine. Kwa mtu aliyesimama kwenye meza ya mitambo, hizo ni dakika ambazo ukumbi mzima unasikika kama chombo kimoja. Maliwato nenda bendi ya utangulizi ikimaliza.

Masikio. Swali lako la tatu ndilo lenye madhara ya kudumu, na mvumo uliouelezea ni ishara kwamba chembe za kusikia tayari zinachoshwa. Zikifa hazioti tena.

Hesabu yake ni hii. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inahesabu desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kuwa ukomo wa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: desibeli 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 100 dakika 15, na 103 dakika 7 na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango chake cha 2022 kwa kumbi za muziki, linataka wastani usizidi desibeli 100. Hata ukumbi unaotii kiwango hicho, kwa hiyo, unakumalizia mgao wa siku ndani ya robo saa, na wewe utakuwa pale kwa muda wa saa tatu ukijumlisha na bendi ya utangulizi.

Vizibo viko vya aina mbili zinazokuhusu. Vya sponji ni vya bei ndogo na vikikaa vizuri huzuia sana, lakini hukata sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo matoazi yanafifia na maneno yanakuwa kama yanatoka chumba cha pili. Vya kichujio, vyenye kijimrija ndani, hushusha sauti zote kwa kiwango kinachokaribiana, kati ya desibeli 15 na 20, na muziki unabaki na umbo lake. Tatizo ni namba ya kwenye paketi, ile ya desibeli zinazozuiwa, ambayo hupatikana maabara. NIOSH inashauri, usipopimwa binafsi, uchukue nusu tu ya namba hiyo kwa sponji, na kwa vizibo vya aina nyingine punguza asilimia 70. Sponji ya 30 ihesabu 15: desibeli 103 zinakuwa 88, na unazo saa 4. Kichujio cha 20 kihesabu 6: desibeli 103 zinabaki 97, nusu saa tu. Kichujio kilichokaa barabara hufanya vizuri kuliko hapo, ila lazima uwe na hakika kimekaa.

Kwa masikio yako yanayovuma, pendekezo langu ni sponji. Ukitaka kichujio, nunua wiki tatu kabla, chagua ukubwa unaoziba, na ukizoee nyumbani. Namna ya kuvaa sponji ni hii: iviringishe kwa vidole safi hadi iwe nyembamba bila mikunjo, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha ishikilie kwa kidole sekunde 30 ikivimba. Jipime kwa kufunika masikio yote mawili kwa viganja. Sauti ikipungua sana ulipofunika, kizibo kinavuja, rudia. Kosa la kawaida ni kuingiza nusu, kizibo kikabaki kinachungulia nje. Karatasi ya chooni haizuii kitu cha maana.

Vivae kabla bendi ya utangulizi haijaanza, na usivitoe kwa wimbo unaoupenda. Wimbo wa dakika 8 kwenye desibeli 103 ni zaidi ya mgao wako wote wa siku, hata kama saa nyingine zote ulijilinda. Ukiimba, sauti yako itangurumia kichwani; ni kawaida, kwa sababu mtetemo wa mifupa haupati pa kutokea. Beba jozi ya akiba. Huanguka gizani.

La umati niliseme kwa ufupi lakini kwa uzito, maana watu wawili walikufa kwa kukanyagwa Donington, Uingereza, 20 Agosti 1988, wakati bendi ya Guns N' Roses ikiwa jukwaani, kwenye tamasha ambalo Maiden ndio walikuwa vinara. Watu wanne kwa mita moja ya mraba bado wanaweza kujisogeza. Wakizidi watano, huendi tena unakotaka, umati ndio unaokupeleka. Dalili ni kwamba huwezi kuinua mikono hadi usoni. Ukiona unakaribia hapo, ondoka wakati bado unaweza: mikono kifuani kama bondia, mguu mmoja mbele, usipambane na wimbi, na likitulia sogea kimshazari kuelekea nje. Duara la kusukumana likifunguka karibu nawe na hulitaki, rudi hatua tano. Aliyeanguka huinuliwa na wa karibu mara moja, hiyo ndiyo sheria ya mashabiki wote wa metali. Vaa viatu vya kufunika vidole, ufunge kamba mara mbili.

Shingo yako pia. Utafiti uliochapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 2008 ulikadiria kuwa kutikisa kichwa kwa mapigo 146 kwa dakika kunaanza kuleta hatari ya jeraha dogo la kichwa pale kichwa kinapozunguka zaidi ya nyuzi 75. Tom Araya, mwimbaji wa bendi ya Slayer, alifanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2010 na akaacha kabisa. Tikisa kidogo, au tikisa pigo moja ukiruka moja.

Simu iweke mfukoni. Kabla ya ziara hii uongozi wa bendi uliwaomba mashabiki wapunguze kurekodi, na kiufundi maikrofoni ya simu hulemewa na sauti kubwa kiasi hicho, ikakurudishia mkwaruzo.

Saa ya kuanza utaijua bila saa: spika zikipiga Doctor Doctor, wimbo wa bendi ya UFO, simama ulipopachagua, Maiden wanafuata. Wakitoka mara ya kwanza usiondoke, kuna nyimbo za nyongeza. Ukisikia wimbo wa mwisho wa filamu ya kundi la wachekeshaji Monty Python, Always Look on the Bright Side of Life, na taa zikiwaka, hapo wamemaliza kweli.

Ukifika nyumbani, yape masikio utulivu na usivae vipokea sauti siku nzima inayofuata. Mvumo wa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili. Ukipita hapo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akupime. Na ukiamka sikio moja likiwa limefifia ghafla, usisubiri hizo siku mbili: nenda siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za steroidi zinazotumika kwa hali hiyo husaidia zaidi zikianza mapema.